Katuni za Biblia na sehemu wanazoziruka

Mzazi akiniuliza katuni gani za Kikristo ni salama kwa watoto, najua anachotafuta: kitu cha kuwasha jioni familia nzima ikakaa, mdogo asilie, mkubwa asikimbilie simu, bibi asikwazike, na watoto wakalala wakiwa wamebaki na neno. Ombi lake ni la haki kabisa. Kinachonitatiza ni hilo "salama". Biblia yenyewe haijawahi kuwa salama kwa maana hiyo. Sura ya nne tu ya Mwanzo, ndugu ameshamuua ndugu yake huko uwandani. Yeyote anayeihamishia kwenye katuni ya watoto analazimika kuamua ataacha nini, na mimi uamuzi huo ndio ninaoutazama kwanza, kabla ya uzuri wa picha, kabla ya nyimbo, kabla hata ya kuuliza watengenezaji wanasali wapi.

Wengi wetu hutazama upande wa pili. Tunahesabu vilivyoongezwa. The Star ya mwaka 2017 inasimulia kuzaliwa kwa Yesu kupitia punda aitwaye Bo na kundi la wanyama wanaoongea, ngamia watatu wakiwemo. Katika habari ya kuzaliwa, Luka hamtaji punda hata mara moja. Mathayo hasemi Mamajusi walikuwa wangapi. Zilizo tatu ni zawadi, na alipowaelezea wakiingia, waliingia nyumbani. Nimesikia watu wazima wakiikataa filamu hiyo kwa sababu ya huyo punda, ilhali kwenye igizo la Krismasi la kanisani kwao punda yupo kila mwaka na hakuna anayemnyooshea kidole.

Nyongeza za aina hiyo hazininyimi usingizi, kwa sababu moja rahisi: zinaonekana. Filamu ikiisha tunafungua Luka 2 na kumtafuta punda. Hayupo. Tunatafuta zizi, nalo hatulioni. Tunaona hori ya kulia ng'ombe na nyumba ya wageni iliyojaa. Watoto hufurahia sana kumkamata mtu mzima amekosea, hasa mtu mzima aliyetumia fedha nyingi kutengeneza filamu. Kwa mchezo huo mdogo wanasoma sura nzima bila kulazimishwa.

Kilichotolewa ndicho kigumu, kwa kuwa hakionekani. Mtoto hawezi kutafuta kitu asichojua kwamba kilikuwepo.

Chukua Nuhu. Katuni nyingi za Nuhu ni safari ya mashua yenye twiga waliochomoza shingo dirishani. Hukumu haipo, watu waliobaki nje hawapo, mlango haufungwi kwa uzito wowote. Halafu mwishoni upinde unatokea mawinguni, muziki unapanda, na mtoto mwenye akili anauliza: ni ahadi ya nini? Hakuna jibu, maana filamu ilishaficha kile ambacho Mungu anaahidi kutokirudia. Ukiondoa gharika kwenye hadithi ya gharika, hata rehema inakosa mahali pa kusimama.

Au Danieli. Kwenye katuni anatupwa katika tundu la simba akiwa kijana mwenye nywele nyeusi na kifua kipana. Alichukuliwa mateka wakati wa Yehoyakimu, na Dario anaingia baada ya Babeli kuanguka mwaka 539 kabla ya Kristo. Mtu aliyetupwa mle alikuwa mzee, pengine amepita miaka 80. Hili nalihesabu kuwa pungufu kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu linageuza hadithi ya uaminifu wa maisha mazima kuwa hadithi ya ujasiri wa kijana mmoja. Kisha kuna mstari wa 24 wa sura ile ya sita, ambapo washitaki wanatupwa wao pamoja na watoto wao na wake zao. Sisemi mtoto wa miaka minne aonyeshwe hilo. Nami nauruka tunaposoma na mdogo. Swali langu kwa filamu ni jingine: mtoto huyu akija kuisoma hadithi mwenyewe akiwa na miaka 14, atajiona alifichwa, au atajiona aliandaliwa?

Filamu iliyonifundisha kuuliza hivyo ni The Prince of Egypt ya studio ya DreamWorks, iliyotoka mwaka 1998. Inaanza kwa maandishi yanayosema wazi kwamba wasanii wamejipa uhuru katika kusimulia, na kwamba habari yenyewe imo katika kitabu cha Kutoka. Natamani kila katuni ya Biblia ingekuwa na adabu hiyo. Na uhuru walijipa kweli. Musa anaokotwa mtoni na malkia badala ya binti Farao. Anakua kama kaka wa Ramesesi, na undugu huo ndio uti wa mgongo wa filamu nzima, ingawa Kutoka hakitaji hata jina la huyo Farao. Anarudi Misri akiwa kijana bado, wakati Kutoka 7 inasema alikuwa na miaka 80 na Haruni 83. (Hawa wazee wa Biblia wanaofanywa vijana! Ningependa mtu aandike juu ya hilo peke yake.)

Yote hayo ni nyongeza na mapambo, na watoto huyakuta wenyewe wakisoma. Kuna mahali pamoja tu ninaposimamisha filamu. Musa anapomuua Mmisri, kwenye filamu ni ajali: anakimbilia kumzuia msimamizi asimpige mtumwa, wanagongana, yule mtu anaanguka kutoka juu. Biblia inasema alitazama huko na huko, akaona hakuna mtu, akampiga, akamficha mchangani. Tofauti yake ni kubwa. Wa kwenye filamu alipatwa na bahati mbaya. Wa kwenye Kutoka ana damu mikononi, na bado Mungu anamwita kutoka kichakani. Mtoto aliyefanya kosa kwa makusudi, na watoto wote hufanya, anamhitaji Musa wa pili kuliko wa kwanza. Basi nabonyeza kitufe, nasoma mistari ile michache, kisha tunaendelea.

Hata hivyo filamu hiyo hiyo haikukimbia pigo la mwisho. Kifo cha wazaliwa wa kwanza kinakuja karibu bila muziki: mwanga mweupe unaopita mitaani, pumzi inayokatika, chombo kinachoanguka. Farao anambeba mwanawe. Musa anatoka pale akaanguka chini akilia, na hakuna wimbo wa ushindi unaoingia haraka kumfariji mtazamaji. Swali lililotoka kwa mwanangu lilikuwa lile lile ambalo watu wazima hulizungukazunguka: yule mtoto wa Farao alikuwa amekosa nini? Tulikaa nalo. Tulirudi nyuma hadi Kutoka 1, kwa watoto wa Kiebrania waliotupwa mtoni, na bado swali halikuisha, wala sikujifanya limeisha. Katuni inayozaa swali la namna hiyo naihesabu ya Kikristo kuliko kumi zinazomaliza kila kitu kwa kukumbatiana.

Hata wimbo wake uliopata tuzo ya Oscar una jambo la kutazama. Maneno yake ya Kiingereza yanasifu kuamini bila kueleza sana anayeaminiwa ni nani. Ukiusikia redioni peke yake unaweza kuwa wimbo wa mtu yeyote. Lakini ndani ya filamu, katikati, watoto wanaanza kuimba kwa Kiebrania, na maneno yale ni ya Kutoka 15, wimbo walioimba Waisraeli baada ya kuvuka bahari. Hapo aliyefanya kazi anatajwa. Wanangu hawaelewi Kiebrania, mimi pia, ila nilipowaonyesha sura ya 15 walitaka turudie kipande kile.

Sasa mboga.

VeggieTales, katuni ambayo wahusika wake ni mboga, ilianza mwaka 1993, kazi ya Phil Vischer na Mike Nawrocki. Kompyuta za wakati ule zilitaabika kuchora nywele, mikono na nguo zinazocheza, kwa hiyo wahusika wasio na mikono, nywele wala nguo walikuwa msaada mkubwa. Wazo la kwanza lilikuwa kipande cha chokoleti. Mke wa Vischer akatabiri kwamba kina mama hawatafurahi watoto wao wakipenda peremende, na ndipo tukapata Bob ambaye ni nyanya na Larry ambaye ni tango. Walijiwekea sheria kwamba Yesu hataonyeshwa kamwe kama mboga. Naipenda sheria hiyo. Inaonyesha watu wanaochekesha huku wakijua mpaka uko wapi.

Kwa muda mrefu niliwaweka mboga hawa katika fungu la waongezaji sukari, na mfano wangu mkuu ulikuwa King George and the Ducky ya mwaka 2000. Ni 2 Samweli 11, yaani Daudi, Bathsheba na mauaji ya Uria, ila badala ya mke wa mtu kuna bata wa mpira wa kuchezea bafuni. Mfalme ana chungu nzima ya mabata, anamtamani bata mmoja wa kijana mnyonge, anampeleka kijana vitani, na vita vyenyewe ni vya kurushiana keki. Ukisimuliwa tu, unaona kuna mtu amekosa aibu.

Lakini soma sura inayofuata. Nathani anapoingia kwa Daudi, hamtaji Bathsheba. Anasimulia kuhusu tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja wa kike, aliyekula chakula chake na kulala kifuani mwake. Nabii mwenyewe alimbadilisha mwanamke kwa mnyama mdogo, ili mfalme asikilize hadi mwisho kabla hajajua anayezungumziwa ni yeye. Kisha ukaja mwiba: "Wewe ndiwe mtu huyo." Waliotengeneza bata yule walikuwa wanafuata nyayo za Nathani, na mwiba waliuacha ndani. Mtoto wa miaka mitano anaelewa kikamilifu dhambi ya mwenye vingi kumnyang'anya mwenye kimoja. Akifika miaka 15 na kusoma habari yenyewe, hatajiona alidanganywa. Ataona ni hadithi ile ile iliyokua naye.

Kuanzia hapo nikaacha kupima sukari. Napima mwiba.

Filamu yao ya sinema juu ya Yona, ya mwaka 2002, inafaulu kipimo hicho kwa namna ambayo sikuitarajia. Dhambi ya Ninawi imelainishwa hadi kuwa kupigana makofi kwa samaki. Yona 3 inataja udhalimu ulio mikononi mwao, na watoto huachwa wacheke. Sawa. Ila katuni nyingi za Yona huishia samaki anapomtapika, au mji unapotubu, yaani sura ya pili au ya tatu, kana kwamba ya nne ilichanwa. Hii inafika ya nne. Yona anakaa nje ya mji amenuna, mmea unakauka, buu yupo, na Mungu amewahurumia watu ambao nabii wake hakutaka wahurumiwe. Halafu hadithi inakatika hapo hapo. Wasikilizaji ndani ya filamu wanalalamika, wanauliza Yona alijifunza nini, na wanageuziwa swali: ninyi je, mmejifunza nini? Kitabu cha Yona nacho kinaisha kwa swali, lile la watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi. Yaani filamu yenye nyanya na tango imekuwa mwaminifu kwa mwisho wa kitabu kuliko katuni nyingi zenye wachoraji waliosoma historia ya mavazi ya Waashuri.

Vischer mwenyewe hakuridhika na yote aliyoyafanya. Kampuni yake ilifilisika mwaka 2003, na akihojiwa mwaka 2011 alisema kwamba alitumia miaka kuwashawishi watoto waishi kama Wakristo bila kuwafundisha Ukristo wenyewe. Sema kweli, samehe, shirikiana, Mungu anakupenda. Maneno hayo yalinikaa kwa sababu yanagusa fungu kubwa la katuni tunazoziita za Kikristo. Mafundisho yake ni ya adabu, na adabu ni nzuri, ila mtoto anaweza kuzitazama zote na asiwe na haja ya Kristo hata mara moja.

Ninaponusa harufu hiyo nauliza nani anafanya kazi katika hadithi. Tena Daudi ndiye anayewaumbua wengi. Katika 1 Samweli 17 kijana yule anamwambia Mfilisti kwamba vita ni vya Bwana, na hotuba yake yote inamhusu Mungu wa Israeli aliyetukanwa. Katika katuni dhaifu hotuba hiyo inageuka kuwa kujiamini: udogo si hoja, sikiliza moyo wako, jitu lako litaanguka. Mungu anabaki kama jina la ukoo. Filamu inayomwambia mtoto wangu kwamba kila jitu la maisha yake litaanguka akijiamini inamwekea deni ambalo siku moja mimi nitalipa, siku jitu halikuanguka.

Mfululizo wa Superbook uko katikati ya mambo haya, na ndio ninaoutumia zaidi siku za shule kwa kuwa kipindi kimoja hakifiki nusu saa. Ule wa zamani, wa 1981 hadi 1983, ulichorwa Japani na studio ya Tatsunoko kwa ushirikiano na CBN, shirika la utangazaji la Kikristo la Marekani. Nchi yenye Wakristo wachache ndiyo iliyochorea vizazi vizima Agano la Kale. Huu mpya, ulioanza kutoka mwaka 2011, ni wa kompyuta: Chris, Joy na roboti Gizmo wanapata tatizo nyumbani au shuleni, kitabu kinawanyakua, wanashuhudia tukio la Biblia, wanarudi wakiwa wameelewa la kufanya. Usimulizi wenyewe mara nyingi ni makini kuliko nilivyotegemea. Udhaifu uko kwenye fremu, yaani ile hadithi ya nje inayoibeba ya Biblia. Ukitazama vipindi vingi mfululizo unaanza kuamini kwamba Mungu aliigawa bahari ili Chris arekebishe tabia. Dawa yake ni kutoviangalia mfululizo, na kumuuliza mtoto habari ya Musa kabla ya kumuuliza habari ya Chris.

Fremu hiyo hiyo ya mtoto anayeingia ndani ya hadithi imo kwenye The King of Kings ya mwaka 2025, iliyotengenezwa na studio ya Korea Kusini chini ya uongozi wa Seong-ho Jang na kusambazwa na Angel Studios. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens anamsimulia mwanawe Walter, mtoto anayewapenda wafalme wenye panga, juu ya Mfalme wa namna nyingine. Nyuma yake kuna habari ya kweli: Dickens aliwaandikia watoto wake maisha ya Yesu kati ya 1846 na 1849, hakutaka yachapwe, na kitabu kikatoka mwaka 1934 tu, baada ya mwanawe wa mwisho aliyekuwa hai kufariki. Mtoto wa kwenye fremu husaidia, kwa kuwa anauliza ambayo watoto wa sebuleni wanaogopa kuuliza. Pia anasumbua. Kila huzuni inapoanza kushika, tunarudishwa chumbani kwa Dickens, au paka anafanya kichekesho. Kwa mtoto wa miaka sita pumzi hiyo ni rehema. Kwa wa kumi na mbili ni kama kugongwagongwa begani.

Kwa huyo wa kumi na mbili ninayo The Miracle Maker ya mwaka 2000, na hapa sitajifanya sina upande. Sijaona katuni ya Injili inayoifikia. Waingereza wa Wales na Warusi waliitengeneza pamoja, Derek Hayes na Stanislav Sokolov wakiongoza. Maisha ya kawaida yanaigizwa na wanasesere wanaosogezwa hatua kwa hatua; mifano ya Yesu, kumbukumbu na majaribu yanachorwa kwa mkono. Mtoto anatambua bila kuambiwa kwamba amehama kutoka barabarani kwenda ndani ya moyo wa mtu. Macho yetu katika filamu ni Tamar, jina walilompa binti Yairo, msichana mgonjwa ambaye Marko anasema alikuwa na miaka 12. Jina ni nyongeza. Ugonjwa haujapunguzwa, wala kilio cha nyumbani, wala wale waliomcheka Yesu aliposema amelala tu.

Sauti ya Yesu mle ni ya Ralph Fiennes, ambaye miaka miwili kabla alikuwa Ramesesi wa DreamWorks. Mkubwa wangu aliligundua hilo kabla yangu, na kwa siku kadhaa alikuwa akimwita Farao aliyeokoka.

Hapo linaingia suala la uso. Kuna nyumba zinazoamini kwamba Kristo hafai kuchorwa kabisa kwa ajili ya amri ya pili, ile ya kutojifanyia sanamu, na siwacheki. Nimeona mtoto akiomba huku akimfikiria mtu wa kwenye katuni, mwenye ndevu za kahawia na macho ya bluu, asiyefanana na Myahudi wa Galilaya hata kwa bahati. Wanasesere wanapunguza tatizo kidogo kwa kuwa mtoto anajua ni mwanasesere. Kuangalia filamu mbili au tatu zenye nyuso tofauti kunapunguza zaidi: anaelewa kwamba kila mchoraji amekisia. Nyumba isiyotaka kukisia ibaki na Agano la Kale, hazina ipo ya kutosha.

Kuhusu madhehebu nitapita haraka, kwa sababu hadithi nyingi za Injili ni zetu sote. Angalia tu nani yuko nyuma ya kazi. Hadithi za Agano Jipya alizoziongoza Richard Rich, aliyetokea Disney, zilianzia kwa kampuni ya Living Scriptures ya Utah, ambayo ilitengeneza pia hadithi za Kitabu cha Mormoni, maandiko ya Wamormoni yaliyo nje ya Biblia, kwa wachoraji na mtindo ule ule. Zile za Injili ni nzuri, na mzazi anaweza kuzitumia. Ila ni vizuri ajue, ili akinunua inayofuata kwa kutazama jalada tu asishangae watoto wakimuuliza habari za nabii asiyemjua.

Herufi za viwango nazo husaidia kidogo tu. The Prince of Egypt na The King of Kings zote zimepewa PG Marekani, yaani mzazi aongoze, ile ya Yona ina G, yaani ya watu wote. Herufi zinakwambia hofu na vurugu. Ukweli haumo kwenye kazi yao. Kuna katuni zenye G ambazo ningesita kumwonyesha mtoto kuliko ningesita kumwonyesha msalaba.

Ningependa zaidi tutazame na zinazotoka barani Afrika, na zipo. Mwaka 2003 Zimbabwe ilitoa The Legend of the Sky Kingdom, ambayo wahusika wake wameungwa kwa vyuma chakavu na takataka nyingine, wakisimulia watoto yatima wanaotoroka mji wa chini ya ardhi kutafuta ufalme wa juu. Si hadithi ya Biblia. Ni mfano, na mifano ina uhuru wake. Phil Cunningham aliyekuwa nyuma ya filamu hiyo ndiye huyo huyo mmoja wa waongozaji wa David, ya studio ya Sunrise ya Cape Town, iliyoingia kwenye majumba ya sinema Desemba 2025. Kutoka mabati na misumari hadi picha za kushindana na Hollywood, na moyo ukiwa kwenye habari zile zile.

Siku hizi kazi ngumu zaidi haiko kwenye filamu ndefu, iko kwenye vipande vifupi vinavyojileta vyenyewe kwenye tabuleti. Vimejaa vya Biblia vilivyotengenezwa kwa akili mnemba: Samsoni mwenye vidole sita, Esta anayebadilika sura kila picha, malaika wanaosema maneno ambayo hayako popote. Hakuna jina la mwandishi, hakuna wa kuuliza. Kwangu sheria ni fupi: kisichotaja nani amekitengeneza na kinasimulia kitabu gani cha Biblia, hakitazamwi na mtoto akiwa peke yake.

Na kama unataka mpangilio wangu, si wa kila nyumba, ni huu. Miaka mitatu hadi mitano, mboga, na uwe karibu wakati wa mwiba. Sita hadi nane, Superbook moja moja, filamu ya Yona, na The King of Kings karibu na Pasaka. Kuanzia tisa, The Prince of Egypt, na ukiwa na Kutoka 1, 2 na 15 zimefunguliwa. Kuanzia kumi, The Miracle Maker, mchana, kukiwa na saa nzima ya kuzungumza baadaye. Torchlighters, ule mfululizo wa mashujaa wa imani, nauweka hapo pia, kwa sababu unawasimulia watu kama Perpetua, aliyeuawa Karthago mwaka 203, na Jim Elliot, aliyeuawa Ekwado mwaka 1956. Hawa ni watu ambao wanyama wakali na mikuki havikuzuiwa kwao, na mtoto aliyezoea Danieli lazima akutane nao. Filamu isiyo na sauti ya Kiswahili naitafsiri mwenyewe kwa kusimamisha. Tunachelewa kumaliza. Ndani ya zile sekunde za kusimama ndipo wanapouliza.